Kibali cha Mzee Mwinyimvua

Nchi ninayoisimulia ni nchi nzuri, na naomba msomaji alishike hilo kabla sijaendelea. Sitaitaja jina. Si kwa kuogopa, la hasha. Ni kwamba jina lenyewe lilipelekwa kwenye kamati lipitiwe upya na mpaka leo halijarudi. Mimi niliitumikia kwa miaka kumi na saba, nikiwa karani wa Dirisha Namba Nne katika Idara ya Leseni na Nidhamu ya Usukani, tawi la mji wa Kiambaza. Madirisha namba moja, mbili na tatu hayakuwapo. Yalikuwa kwenye mpango.

Mzee Mwinyimvua Kidege alifika dirishani kwangu Jumatatu moja asubuhi. Alikuwa mtu wa nchi jirani, mrefu, mkavu, amevaa shati lililopigwa pasi vizuri. Alinisukumia vitu viwili chini ya kioo: leseni ya kwao, iliyolika pembe, na kijitabu cha kijivu. Kijitabu hicho kilikuwa kibali cha kimataifa cha udereva, na kilieleza kwa lugha sita kwamba mtu huyu anajua kuendesha gari.

"Umeendesha nini huko kwenu, mzee?"

"Basi, mwanangu. Miaka thelathini na moja."

"Ajali?"

"Mbuzi mmoja. Nilikwenda mwenyewe kumwomba radhi mwenye mbuzi."

Nikaandika: *mbuzi, amesamehewa*. Kisha nikamweleza sheria yetu, ambayo humpenda sana mgeni. Mgeni akija na kibali cha kimataifa anaruhusiwa kuendesha kwa siku tisini bila kuulizwa neno, mradi kila Jumatatu aje kwangu agongewe muhuri. Siku ya tisini na moja huwa si mgeni tena. Amekuwa mwenyeji, na mwenyeji hupaswa kuwa na leseni ya hapa.

"Siku tisini zitatosha," akasema. "Mwanangu atakuwa amepona."

Mwanawe alikuwa Hidaya, mwalimu wa hesabu katika sekondari yetu. Figo zake zilikuwa zimekufa. Kila Jumanne na Ijumaa alitakiwa afike Hospitali Kuu, kilomita tisini kutoka Kiambaza, asafishwe damu kwa mashine. Zamani lilikuwapo basi la kwenda huko. Lakini mwaka ule Serikali ilitangaza kwamba usafiri wa umma umefanikiwa kwa asilimia mia moja, na kitu kikishafanikiwa hakuna haja ya kuendelea nacho, kwa hiyo mabasi yakaondolewa. Hidaya alikuwa na gari lake dogo lenye sehemu ndefu ya nyuma, ila hakuwa na nguvu ya kulishika. Wenzake shuleni wenye leseni hawakuweza kumsaidia, kwa kuwa sheria inakataza raia kuendesha gari la mtu asiye ndugu yake wa damu, au kumpakia katika lake. Hii ni katika kulinda heshima ya gari. Mume hakuwa naye. Mama yake alikwisha kufariki. Basi akamwandikia baba yake, na baba akaja.

*

Siku zile tisini zilikuwa siku nzuri. Nazijua kwa sababu kila Jumatatu mzee alikuja kugongewa muhuri, na foleni ikiwa fupi alinisimulia.

Kumbe baba na binti hawakuwa wakijuana sana. Miaka yote ya utoto wa Hidaya mzee alikuwa njiani. Alikuwa akirudi nyumbani mtoto amelala, na akiondoka mtoto hajaamka. Sasa walikuwa na kilomita mia na themanini za kuzungumza, mara mbili kwa wiki.

"Ijumaa kaniambia aliwahi kuogopa radi," aliniambia siku moja. "Miaka kumi na minne aliogopa radi, na mimi sijui. Nilikuwa nampigia honi kila nikipita karibu na nyumba. Nilidhani inatosha."

"Ilitosha?"

"Anasema alikuwa akikimbilia dirishani. Lakini basi lilikuwa limeshapita."

Siku nyingine alikuja anacheka. Hidaya alikuwa amempigia hesabu za petroli na kumwonyesha kwamba akipunguza mwendo kidogo wanafika dakika nne tu baadaye. "Nikamwambia, basi tupunguze zaidi, tuchelewe hata kumi. Sina haraka ya kufika, mwanangu. Haraka nilikuwa nayo zamani."

Nilimgongea muhuri. Naukumbuka muhuri huo kwa sababu niliugonga upande usio wake, jambo ambalo halijawahi kunitokea.

*

Siku ya tisini na moja alikuja kama kawaida. Nikasimama, kama taratibu zinavyotaka, nikampa bendera ndogo ya karatasi na kumsomea tamko: "Taifa linakupongeza. Umekuwa mwenyeji." Kisha nikakigongea kibali chake BATILI kwa wino mwekundu.

Akaitazama bendera. "Na kesho nampelekaje hospitali?"

"Kwa leseni ya hapa, mzee."

"Nipe, basi. Leseni ya kwetu hiyo hapo. Badilisha."

Nikamweleza kwa upole kwamba sisi hatubadilishi. Kitabu chetu kinatambua aina moja tu ya mwombaji: asiyejua kuendesha. Mtu anayejua tayari huzua swali la nani alimfundisha, na kwa nia gani. Kwa hiyo ilibidi kwanza akabidhi leseni ya kwao ifungiwe kwenye droo yangu, apewe Cheti cha Kutojua, halafu aingie Chuo cha Usukani kwa miezi mitatu, kisha afanye mtihani.

"Miezi mitatu," akasema taratibu. "Mtoto wangu anasafishwa damu kila baada ya siku tatu, nne."

"Kuna Gari la Huruma, mzee."

Gari la Huruma lilikuwa gari la Serikali la kubebea wagonjwa. Lilikuwa moja kwa mkoa mzima. Nilimjazia fomu mimi mwenyewe, kwa mwandiko wangu mzuri.

Wiki ya kwanza gari lilifika Jumanne na Ijumaa, tukashukuru. Wiki ya pili lilikuja Jumanne peke yake. Wiki ya tatu lilikuja Jumatano, likiwa na mpigapicha. Hidaya aliombwa apande huku akitabasamu, akapanda, akatabasamu, picha ikapigwa mara sita kwa sababu ya jua, halafu akashushwa, na gari likampeleka mpigapicha mjini kuwahi gazeti. Picha ilitoka ukurasa wa kwanza. Chini yake waliandika: *Hakuna anayeachwa nyuma.* Gari lilipoondoka, Hidaya alikuwa amesimama nyuma yake. Tangu hapo lilikuja linapoweza, wiki nyingine mara mbili, nyingi mara moja.

Mzee aliniletea gazeti hilo.  Aliliweka tu chini ya kioo changu, akaenda darasani.

*

Chuo cha Usukani kilikuwa ng'ambo ya uwanja wa idara, na kupitia mlango wangu niliona kila kitu. Hakikuwa na gari. Wanafunzi walikaa kwenye viti vya plastiki viwili viwili, kila mmoja ameshika sahani ya bati kama usukani, wakiimba pamoja: "Kulia! Kushoto! Subiri Mheshimiwa apite!" Mkufunzi alikuwa kijana mwenye shahada mbili za nadharia ya mwendo. Hakuwahi kuendesha chombo chochote, wala hakuficha. Alisema mazoea huharibu elimu.

Siku ya kwanza alimsimamisha Mzee Mwinyimvua mbele ya wote.

"Unashika sahani vibaya. Nani alikufundisha?"

"Barabara, mwalimu."

"Ndiyo tatizo lako hilo. Kaa."

Akakaa. Mtu aliyepeleka maharusi, wafungwa, wanafunzi na wazazi wa wanafunzi kwa miaka thelathini na moja alikaa kwenye kiti cha plastiki, akaimba kulia, kushoto.

Nyumbani, Hidaya alimfundisha nadharia. Wakati huo miguu yake ilikuwa imevimba na hakwenda tena shuleni; wanafunzi wake walimjia wenyewe kibarazani na madaftari. Nilipita pale alasiri moja kupeleka fomu ya kuthibitisha kwamba fomu ya kwanza ilipokelewa, nikawakuta. Yeye kajiegemeza kwenye mito, kitabu cha maswali mapajani, na baba yake kaketi chini mkekani.

"Swali la tano," Hidaya akasoma. "Unakutana na msafara wa Mheshimiwa. Je, wewe uko wapi?"

"Nimekaa pembeni, nimezima injini."

"Hapana, Baba. Jibu ni: niko nyumbani. Raia mwema alishajulishwa asitoke."

"Lakini kama niko nyumbani, nimekutanaje na msafara?"

Hidaya akacheka, na kucheka kukamtoa pumzi, akanyamaza mpaka ikarudi. "Baba, usijibu kwa akili. Jibu kwa kitabu. Swali la saba: umeona mtu ameanguka barabarani, hali yake mbaya. Utafanya nini kwanza?"

"Nitasimama. Nitambeba."

"Hapana, Baba."

"Hidaya, hilo nitajibu hivyo hivyo."

"Watakufelisha."

"Na wanifelishe."

Walimfelisha. Karatasi yake niliisahihisha mimi. Kati ya maswali thelathini alipata ishirini na tisa, akakosa la saba, na swali la saba likikoswa mtihani wote umeanguka. Jibu sahihi ni: *kwanza nitahakikisha nina leseni.* Nalijua vizuri, maana hata mimi niliwahi kulikosa, na ndiyo sababu nilifanya kazi ya leseni miaka kumi na saba bila kuwa nayo.

*

Jumanne iliyofuata Gari la Huruma halikuja. Lilikuwa kwenye maonyesho ya mafanikio ya Gari la Huruma. Ijumaa iliyotangulia pia halikuwa limekuja. Asubuhi hiyo ya Jumanne Hidaya alishindwa kulala chali. Kila akilala alikosa pumzi. Mzee alisubiri mpaka saa tatu kamili, kisha akambeba mikononi, akamlaza kiti cha mbele, akawasha gari.

Alifika kilomita ya arobaini. Hapo palikuwa na kizuizi, na kwenye kizuizi alikuwapo sajini mmoja, mtu mpole, wala si mla rushwa, naomba lieleweke. Yaliyopita pale aliyaandika yote katika taarifa yake, na taarifa ililetwa dirishani kwangu.

"Kibali chako kimekwisha, mzee."

"Najua, afande. Mwanangu anakufa."

"Pole sana. Gari haliwezi kuendelea bila dereva halali."

"Basi endesha wewe, afande. Mimi nitakaa nyuma. Nifunge pingu, lakini endesha."

Sajini aliandika hapo kwa nini hakuweza. Alikuwa amesomea kuzuia magari, kuyaendesha hakusomea. Alijaribu kusimamisha gari lililokuwa likipita, lakini dereva wake hakuwa ndugu wa damu. Ndipo alipomwambia mzee kwamba yapo maombi ya dharura, na yanaweza kupokelewa hata kwa simu. Akampa namba.

Simu ililia mezani kwangu saa nne na nusu.

"Dirisha Namba Nne, tukuhudumie."

"Mwanangu, ni mimi, Mwinyimvua. Tuko kizuizini, kilomita ya arobaini. Hidaya hapumui vizuri. Nipe ruhusa ya saa moja tu. Saa moja, halafu mnifunge."

Kitabu cha taratibu kilikuwa mbele yangu. Sikuhitaji kukifungua. Nikamwambia, kwa adabu zote nilizofundishwa, kwamba maombi ya dharura hupokelewa siku ya Alhamisi.

"Leo Jumanne," akasema.

"Ndiyo, mzee. Keshokutwa mapema utakuwa wa kwanza kwenye foleni. Nitakuwekea nafasi mimi mwenyewe."

Hakukata simu upesi. Nilisikia upepo, na lori likipita. Kisha ikakatika.

Hidaya alifariki saa tano na dakika kumi, ndani ya gari lake, kichwa kikiwa begani kwa baba yake. Sajini alivua kofia. Katika nafasi ya *Sababu ya gari kusimama* aliandika: *Kutii sheria.*

*

Alhamisi asubuhi Mzee Mwinyimvua alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Shati lilikuwa limepigwa pasi. Alitaka kujua kitu kimoja: amchukue vipi mwanawe akamzike kwao, karibu na mama yake. Gari lilikuwa limevutwa na trekta la polisi kurudi Kiambaza, wao wakiwa ndani, kama sheria inavyotaka kwa gari lililozuiwa, na walimu wanawake wa shuleni walikuwa wamekwisha kumwosha Hidaya na kumvika sanda. Mjomba wa Hidaya, Kitwana, angewasubiri mpakani.

Nilipeleka faili kwa Mkurugenzi. Mkurugenzi wetu alikuwa mtu wa huruma, na alilisoma mara mbili. Kisha uso ukamng'aa, akatoka yeye mwenyewe mpaka dirishani, jambo la nadra sana, akahutubia.

"Mzee wangu, nchi hii haimtupi mtu! Kifungu cha kumi na mbili kinasema mwenyeji ni yule anayeishi kwa mtu wake. Wewe mtu wako hayupo tena. Kwa hiyo kuanzia Jumanne saa tano na dakika kumi umerudi kuwa mgeni, na kibali chako cha kimataifa kimerudi kuwa hai. Una siku tisini mpya! Endesha popote!"

Watu wa kwenye foleni walipiga makofi, kwa kuwa ilikuwa desturi.

Mzee alimsikiliza mpaka mwisho. "Saa tano na dakika kumi," akasema. "Saa tano na dakika tisa nisingeruhusiwa."

"Barabara kabisa," Mkurugenzi akasema, akifurahi kuona ameeleweka.

Nilifungua droo nikamrudishia leseni yake. Juu ya ule wino mwekundu nikagonga muhuri wa kijani: HALALI. Karatasi za kusafirisha maiti zilipatikana kwa robo saa. Huduma za kuondoka nchini kwetu hazina foleni.

Sheria iliongeza jambo moja: mgeni aliyehuishwa lazima asindikizwe na ofisa siku ya kwanza. Mkurugenzi akanichagua mimi.

*

Tulitoka Kiambaza saa mbili asubuhi siku ya Ijumaa. Walimu na wanafunzi walijipanga kando ya njia mpaka mwisho wa mji. Hidaya alikuwa nyuma, viti vimelazwa, amelazwa juu ya godoro lake. Mimi nilikaa mbele, na faili mapajani.

Sijapata kuona mtu akiendesha namna ile. Kila shimo alilijua kabla halijafika. Kwenye kona gari liligeuka kama linaombwa. Kwa saa tatu nzima sanda haikusogea hata kidole.

Karibu na mpaka ndipo aliposema, macho yakiwa barabarani.

"Ni wewe uliyepokea simu."

"Ndiyo, mzee."

"Hidaya aliisikia sauti yako. Maneno hakuyapata. Akaniuliza, 'Baba, wamesemaje?'"

Nilishika faili kwa mikono miwili.

"Nikamwambia, 'Wanakuja, mwanangu.' Akasema, 'Nilijua watakuja. Yule karani ana mwandiko mzuri.'" Akabadilisha gia. "Ndiyo nilitaka ujue."

Nilikuwa nimeandaa maneno. Tangu Jumanne nilikuwa nayaandaa, ya kuomba radhi, hata nilikuwa nimeyaandika kwenye karatasi. Karatasi ilibaki mfukoni. Nililia kama mtoto, kazini, ndani ya muda wa kazi, na mzee akanipa leso yake bila kupunguza wala kuongeza mwendo.

Kizuizini mpakani koplo mmoja alikagua karatasi, akarudisha moja.

"Gari linavuka mpaka. Mwenye gari lazima asaini mwenyewe, mbele yangu. Hidaya Mwinyimvua. Yuko wapi?"

"Nyuma," mzee akasema.

Koplo akazunguka na kalamu yake, akachungulia kwenye kioo.  Aliporudi hakututazama. Aliiweka kalamu mfukoni, akaenda kwenye kizuizi, akakiinua kwa mikono yake, akakishikilia juu mpaka gari likapita. Jina lake silitaji, asije akapandishwa cheo au kufukuzwa. Kwetu huwezi kujua.

Mimi mwisho wangu ulikuwa hapo. Nilishuka, nikasimama kwenye mstari. Upande wa pili, hatua kama kumi, askari wa kwao aliitazama ile leseni kuukuu mara moja tu, akamrudishia kwa mikono miwili. "Pole sana, dereva. Pita, uko nyumbani."

Kitwana, shemeji yake, alikuwa amesimama kando ya barabara na watu wachache. Walikumbatiana. Kisha nikamwona mzee anamnyooshea funguo.

"Shika wewe, shemeji."

"Mimi? Unajua mimi naendesha vibaya."

"Najua. Endesha tu."

Alifungua mlango wa nyuma, akainama, akaingia. Nilimwona akikaa kwenye sakafu ya gari kando ya godoro, amekunja miguu yake mirefu, akampakata binti yake kichwa ili mitikisiko isimpate. Kitwana akawasha. Gari likaondoka kwa kuruka, likasita, likaondoka tena likiyumba, na kila lilipoyumba niliona mgongo wa mzee ukiinama zaidi juu yake.

Nilisimama pale mpaka vumbi lilipotulia. Kisha nikarudi kwa miguu, maana basi hakuna.